Bata wa Lubbert

Jumapili, tarehe 4 Agosti 2019. Asubuhi ukungu mwepesi ulitanda juu ya mto IJssel, na jua halikuwa na haraka.

Wubbe Roelvink alitoka kanisani akaenda moja kwa moja kwenye soko la vitabu la mji wa Deventer, Uholanzi. Hakubeba pochi. Soko hilo kila mwaka huangukia Jumapili, na Jumapili, siku ya Bwana, Wubbe hanunui hata mkate. Hutazama tu, kisha kesho yake huwapigia wauzaji simu. Wamempa jina: Bwana Jumatatu.

Kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu sehemu mbili za kitabu cha hesabu kilichopigwa chapa Zwolle mwaka 1684 zikutane. Sehemu ya kwanza anayo. Ndani yake mtoto fulani, Lubbert, aliandika jina lake na kuchora bata.

Kwenye meza ya muuzaji mmoja, Sjoerd, akaiona ya pili. Akaifungua. Lubbert. Bata yuleyule, shingo imepinda.

"Leo umenasa!" Sjoerd akacheka. "Chukua, mzee. Mungu ana shughuli nyingine."

"Leo siwezi."

"Basi niambie nikuwekee."

"Huko ni kununua kwa mlango wa nyuma."

"Shauri yako. Meza hii nimeilipia. Akija mtu, nauza."

Mtu alishafika. Machteld Oosting, mkusanyaji mwenzake na mshindani wake wa siku zote, alikuwa nyuma ya Wubbe, pochi wazi.

"Usinikodolee macho, Wubbe. Tamka neno moja tu, nakuachia."

Wubbe akakirudisha kitabu mezani taratibu. Machteld akalipa.

"Mchungaji wako umpe shukrani zangu," akasema, huku akifunua kurasa. "Na huyu bata?"

Wubbe akamweleza. Kicheko cha Machteld kikakatika.

"Yaani vyote viwili vilikuwa vya mtoto mmoja?"

"Vya mtoto mmoja."

Wauzaji wa meza za jirani walikuwa wameacha kazi zao, wakisikiliza. Miaka yote hiyo Wubbe aliomba vitabu vikutane. Vikutane kwenye rafu ya nani, hilo hakuwahi kumwambia Mungu.

"Sjoerd, na ninyi nyote, nisikieni," akasema kwa sauti. "Kesho asubuhi nitampelekea Machteld sehemu ya kwanza. Simuuzii, nampa. Ndiyo yangu ni ndiyo."