Mlango Alioufunga Mwinjilisti

Mshonaji aliposikia mdogo wake amepewa kazi ya kuandika historia ya usharika kwa ajili ya jubilei, alitaka kujua jambo moja tu: baba yao atatajwa? Walizaliwa wawili, dada na mdogo wake wa kiume, tumbo moja, lakini tangu yule mdogo aingie baraza la wazee wa kanisa walikuwa kama paka na panya.

Baba yao alikuwa mwinjilisti wa kanisa hilohilo. Mchungaji wa enzi zile alikataa kumzika binti mmoja kwa kuwa alikufa na mimba ya nje ya ndoa. Mwinjilisti akaingia kanisani, akafunga mlango kwa ndani, akasema hakuna ibada mpaka marehemu azikwe kama wenzake. Binti akazikwa. Mwinjilisti akatengwa, akafa hajarudishwa.

Mshonaji akamfuata mdogo wake kwenye duka lake la dawa. Huku akipanga chupa, ndugu yake akamjibu kwamba historia ni ya kujenga, kidonda kilichopona hakichokonolewi. Mshonaji akamuuliza kimepona kwa nani. Waliagana bila kuagana.

Siku ya jubilei kanisa lilifurika. Mdogo mtu akasoma habari za waasisi, kengele, paa jipya, na kila mchungaji na sifa zake. Kisha akasema palitokea misukosuko midogo, Mungu akaituliza.

Mshonaji akasimama.

"Mdogo wangu, aliyefunga mlango alikuwa nani?"

Mchungaji akampungia mkono akae. Hakukaa. Akauliza tena, kwa sauti ileile.

"Mtu mmoja mkorofi," akajibu ndugu yake, macho kwenye karatasi.

Hapo Mshonaji akawaambia watu kwamba mkorofi huyo ndiye aliyewazaa wao wawili, na kwamba huyu msomaji, akiwa mtoto, alikuwa akimpitishia maji dirishani huku analia. Kwaya ikaamriwa kuimba. Ikaimba, imevaa majoho aliyoyashona yeye, mpaka sauti yake ikamezwa. Akatoka katikati ya kanisa, watu wakikunja miguu kana kwamba anapita nyoka. Dada wa yule binti marehemu, sasa bibi kizee, alimshika gauni kidogo, akaliachia.

Baraza likakaa, likamtenga naye. Ndugu yake akaja mwenyewe kumpa habari, akasimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Akasema alimtetea barazani, na wakati wa kura mkono wake ulikuwa wa mwisho kunyooshwa.

"Lakini uliunyoosha," Mshonaji akasema.

Ndugu yake akamwambia kwamba yeye hajui uchungu wa kuitwa mtoto wa mtengwa, kuchekwa shuleni, kukaribia kunyimwa mke. Mshonaji akamkumbusha kwamba walilelewa nyumba moja.

"Basi kuanzia leo sina dada."

"Sawa. Ukitoka usikanyage nguo za watu, zipo hapo chini."

Alipokwenda, Mshonaji akarudi kwenye cherehani. Uzi ulikuwa umekatika, akashindwa kuutunga sindanoni. Akakaa akingoja hasira ishuke. Haikushuka.

Baadaye bintiye yule ndugu akaposwa. Mshonaji alizijua habari za harusi kwa wateja waliomletea vitambaa vya kuvaa siku hiyo. Akawapima, akawashonea wote vizuri, na hakuna aliyemuuliza kama naye atakwenda.