Uji wa Kitanda Namba Kumi na Moja

Mbaruku alikuwa akishona viatu Mtaa wa Kongo, kibarazani pa duka la Eliasi, kijana anayeuza filamu za kizungu alizozitia sauti yake ya Kiswahili. Kizungu chenyewe Eliasi hakijui. Anatazama midomo, anatunga, na watu wa Kariakoo wananunua.

Mchana ule, kwenye tivii ya dukani iliyoelekea kibarazani, aliweka filamu ya zamani ya Waingereza, isiyo na rangi, ya mambo ya hospitali. Manesi wana kofia kama mashua za karatasi, daktari mkuu anapita wodini, wote wima. Mbaruku akasonya. Wakubwa ni walewale, kazi kupitapita tu. Mwezi wa nne mkewe Zena alilazwa, yeye akafika getini dakika tano baada ya muda wa kuona wagonjwa. Mlinzi akasema ni amri ya mganga mkuu. Akapokea chupa ya uji, kifuniko Mbaruku kakifunga kwa kitambaa cha kanga, akaapa itafika. Kesho yake akaambiwa Zena hayupo tena. Chupa haikurudi, na Mbaruku akabaki na swali moja: Zena alijua kuwa nilikuja?

Kwenye tivii kikaonekana kitanda cha mwisho. Mwanamke kalala, kawapa watu mgongo. Sauti ya Eliasi ikasema taratibu, "Kitanda namba kumi na moja anauliza, mume wangu kaja na uji?"

Sindano ikamchoma Mbaruku kidole. Kumi na moja kilikuwa kitanda cha Zena.

Akaingia dukani na kiatu cha mtu mkononi. "Nani kakupa habari za mke wangu?"

Eliasi akacheka, akasema jua limempiga mzee. Kisha akaacha kucheka. "Mzee Mbaruku, hapo sikusema kitu. Siku ya kutia sauti, nilipofika hapo nilikwenda kula, nikapaacha kimya."

Akarudisha filamu nyuma. Kweli, kimya. Na kitanda sasa kitupu, nesi anatandika shuka. Juu ya kabati la pembeni, kati ya Waingereza wale waliokufa zamani, ilisimama chupa yenye kitambaa cha kanga.

Mbaruku akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Fundo lilikuwa lake, la fundi viatu, na halijafunguliwa.

"Imefika keshaondoka," akasema.

Nesi akamaliza kutandika, akageuka, akamtazama Mbaruku usoni, akamwonyesha kwa kidole saa ya ukutani: muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umepita kwa dakika tano.