UM na UM

Katika nyumba ya mama huyu hakuna kopo lisilo na lebo. CHUMVI. SUKARI. Hata kopo tupu limeandikwa TUPU, na halitupwi ng'o. Kwenye maabara alikofanya kazi miaka thelathini walimwita Bi Lebo, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kuzaliwa.

Sasa mke wa mwanawe, siku ya kwanza kumtengea chai mama mkwe, alitia chumvi badala ya sukari. Mwingine angecheka yakaisha. Bi Lebo? Miaka minne kila mgeni aliyeketi sebuleni alisimuliwa chai ile, na mkamwana yupo hapo hapo, macho chini, anamimina nyingine. "Kusoma kote huko," Bi Lebo humalizia, "kopo limemshinda!"

Mungu si Athumani. Mkamwana akaja kufanya utafiti wake wa udaktari kwenye maabara ile ile. Alitaka kujua seli za kinga, askari wa mwili, huijuaje njia: zote husafiri kwenye damu moja, lakini hizi huishia utumbo mwembamba, zile utumbo mpana. Kila seli hubeba kitambulisho juu ya ngozi yake, na kila utumbo una mwito wake. Wakachukua panya kumi na wawili, nusu wazima, nusu wenye kuhara. Bi Lebo akasaga vipande vya matumbo, akavitia kwenye tyubu ishirini na nne, kila moja na namba yake na lebo.

Jumatano asubuhi mkamwana alisimama mbele yake na tyubu mbili.

"Shikamoo mama. Samahani, hii UM ni nini?"

"Marahaba. Utumbo mwembamba."

"Na hii UM?"

"Hiyo ni utumbo mp..."

Bi Lebo akazikodolea macho zote mbili. Akainua ya tatu, ya nne. UM. UM. Daftari nalo, UM mpaka chini. Alikuwa anastaafu Ijumaa, na hotuba ya kumuaga ilishaandikwa: "Mwenzetu ambaye hajawahi kukosea lebo."

"Zipitishe kwenye mashine ya kusoma vitambulisho," akanong'ona. "Zenye kitambulisho cha mwembamba tuziandike mwembamba. Nani atajua?"

"Mama, hilo ndilo swali langu lenyewe. Nikianza na jibu, nitauliza nini?"

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. Bi Lebo alisubiri neno chumvi. Halikuja. Mkamwana alikuwa akitazama kabati la chini, lile lililojaa vichupa, ambalo wenzake waliliita makumbusho.

"Vile vipande vilivyobaki hukuvitupa, eti?"

"Mimi nimewahi kutupa nini tangu nizaliwe?"

Kwa kila tyubu alikuwa amehifadhi kipande kizima ndani ya dawa, namba ile ile. Wakakaa kwenye hadubini bega kwa bega mpaka mchana. Utumbo mwembamba una vinyweleo ndani, kama taulo. Mpana ni laini kama shuka.

"Taulo," anasema mmoja.

"Mwembamba," anaandika mwingine, neno zima, bila kukata hata herufi.

Mashine ilipomaliza kazi, panya wazima hawakuwa na maajabu: kila kundi la seli lilikuwa kwake. Lakini kwa wale wenye kuhara, seli zenye kitambulisho cha utumbo mwembamba zilijazana kwenye utumbo mpana, kama wageni waliohamia bila kualikwa.

"Tungezipanga kwa vitambulisho," mkamwana akasema, "tusingeyaona haya kamwe."

Bi Lebo aliona haya mpaka masikioni.

Ijumaa wenzake walikuja nyumbani kumuaga. Hotuba ikasomwa, na mkamwana akapiga makofi kuliko wote. Alipoleta chai, mmoja akadakia: "Bi Lebo, tupe ile ya chumvi!"

Mkamwana akainamisha macho kwa mazoea. Bi Lebo akaweka kikombe chini.

"Lile kopo lilikuwa limeandikwa SUKARI," akasema. "Ndani mna chumvi, na mwandiko ni wangu. Nilibadilisha lebo kesho yake alfajiri, watu wamelala."

"Najua, mama," mkamwana akasema, akimwongezea chai. "Nilikuona."