Bahari ya Jana

Fergal aliinama dukani kuokota katoni ya maziwa iliyomponyoka, na maji ya chumvi yakamchuruzika puani kama bomba lililofunguliwa. Hapo ndipo Dervla Gilvarry alipojua kwamba rafiki zake walikuwa wakimpiga changa la macho.

Mtu hatokwi na maji ya bahari puani kwa kuosha vyombo. Hayo ni maji ya mtu aliyebiringishwa na wimbi asubuhi, yakajificha kichwani yakimngoja ainame. Na asubuhi ile ile Malachy, ambaye dirisha la jiko lake linatazama ufukwe wa Portacarn, alikuwa amempigia Dervla simu na kumwambia, "Imechafuka, dada. Upepo umeivuruga yote. Jana ndiyo ilikuwa bahari."

"Mafua haya," Fergal alisema, akijifuta kwa mkono wa sweta.

"Pole," Dervla alisema. "Kanywe kitu cha moto."

Alitoka bila mkate alioufuata. Alikanyaga kwa hasira, mguu mzima na ule wenye nyonga ya chuma. Daktari alikuwa amemruhusu kurudi majini tangu Septemba. Sasa ni Novemba, na kila asubuhi simu ya Malachy ilikuwa na habari moja tu: imechafuka. Naye alisadiki, akakaa nyumbani akiupaka nta ubao wake wa kuteleza juu ya mawimbi, ambao haukuwa na pa kwenda.

Uongo wenyewe aliujua vizuri sana, maana yeye ndiye aliyeutunga. Wageni walipokuja kutoka Dublin na mbao mpya juu ya magari, wakateremsha kioo na kuuliza bahari ikoje, wenyeji waliwajibu kwa huzuni: imechafuka, jana ndiyo ilikuwa bahari. Wageni waligeuza magari, na wimbi la Portacarn likabaki na wenyewe. Miaka yote hiyo amewaambia wageni maneno hayo bila kupepesa macho. Sasa anaambiwa yeye.

Kesho yake hakungoja simu. Kulipopambazuka alikuwa ameshaegesha gari nyuma ya kibanda cha waokoaji, mvua ya mawe ikigonga kioo. Simu ikalia. Akamwona Malachy pale pale mbele yake, kando ya gari lake la kazi, suti ya mpira ya kuingilia majini imefika kiunoni, kifua wazi kimekuwa chekundu kwa baridi, simu imebanwa begani.

"Imechafuka kabisa, dada. Rudi ukalale."

"Imechafuka vipi?"

"Upepo wa magharibi. Povu tupu."

Dervla akatazama nje. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu na kuyanyoosha mawimbi. Yalikuja kwa mafungu kutoka dhoruba iliyokuwa mbali huko Iceland, yakasimama juu ya mwamba, yakafunguka kwenda kushoto polepole, safi, bila kukatika. Moyo ulimpasuka kwa uzuri wake na kwa uchungu.

"Malachy, vaa nguo vizuri, utapata homa ya mapafu," alisema, akapiga honi.

Simu ilimdondoka Malachy kwenye tope. Fergal, aliyekuwa nyuma ya gari, alijifanya anatafuta soksi.

"Dada, nisikilize kwanza..." Malachy alisema.

"Sikusikilizi."

"Hiyo nyonga ikichomoka kule nje, nani atakubeba?"

"Nani alikubeba wewe, kamasi mpaka kidevuni, unalilia mama yako juu ya ubao wangu? Nilikuambia imechafuka?"

"Tunakupenda, ndiyo maana."

"Mngenipenda mngeniambia usoni kwamba mnaogopa. Ningewatukana, yakaisha. Nyie mmenifanya mtu wa Dublin!"

Dervla akamimina maji ya moto ya chupa ndani ya glavu na viatu vya mpira kuvipasha joto, akajisukumiza kwenye suti akihema na kulaani. Zipu ya mgongoni ilimshinda. Fergal akaja taratibu, akaifunga.

Wimbi la kwanza lilipompitia kichwani, baridi ilimuuma kwenye paji la uso akadhani fuvu linapasuka. Aliogopa, tena aliogopa sana. Wimbi alilojaribu mwanzo lilimtupa. La pili likamtupa vibaya zaidi, akaibuka akikohoa, na Malachy akapiga kasia kwa mikono kumfuata.

"Kaa huko huko!" Dervla alimfokea.

La tatu halikumpa nafasi ya kusimama, nyonga ilikataa. Akapiga goti moja, akashika ukingo wa ubao, akaenda nalo hivyo hivyo, amepinda kama mzee anayetafuta sindano, kushoto, kushoto, mpaka kwenye kokoto za ufukweni. Alikuwa anapiga kelele njia nzima. Kisha akageuza ubao akarudi tena.

Baadaye walikaa nyuma ya gari la Malachy wakinywa chai na kula mkate wa soda, midomo imekufa ganzi.

"Haya," Malachy alisema. "Kesho nitakupigia. Na nitasema kweli."

Kabla Dervla hajamjibu, gari likaingia, ubao mpya juu. Kioo kikashuka. Alikuwa mwanamke mwenye mvi, peke yake.

"Samahani, bahari ikoje?"

Malachy akaweka ile sura ya huzuni. "Aa, mama. Imechafuka. Jana ndiyo ilikuwa..."

Sura ile ile. Sauti ile ile ya kwenye simu.

"Anakudanganya," Dervla alisema. "Haijawa nzuri hivi tangu msimu uanze. Mimina maji ya moto kwenye glavu, ukae kushoto mwa mwamba."

"Dervla!" Fergal alipaliwa na chai.

"Na yeyote akikuuliza kule majini nani amekuruhusu," Dervla alisema, akimkazia macho Malachy, "mwambie wewe ni mgeni wangu."