Mipichi Kaburini kwa Ramohapi

"Sikilizeni, enyi wana wa Ha Tlhakoli! Sikilizeni mlio juu na mlio chini, wenye ng'ombe na msio na hata kuku! Morena amesema!"

Ndivyo alivyotangaza Ntate Sekhele, mjumbe wa Morena, chifu wetu, kutoka juu ya mwamba, kifua mbele, blanketi begani, mkono umenyooshwa kuelekea milimani kana kwamba milima nayo ilitakiwa kuhudhuria. Ilikuwa sauti ya kutia hofu. Ingetia hofu zaidi kama buti lake la kushoto lisingekuwa la mkewe, na kama punda wa jirani asingemjibu.

"Ntate Ramohapi ametutoka!" aliendelea, akimtazama punda kwa jicho baya. "Kuanzia sasa chuma kisiguse udongo wa kijiji hiki. Si jembe, si sururu, si koleo, mpaka marehemu alazwe Jumamosi, na kukuche. Mvua ya mawe ikija msimu ujao kuangusha mahindi ya watu, atajibu aliyechimba!"

Chini ya mwamba, shambani kwake, Nkhono 'Mathakane alikuwa ameinua sururu juu ya kichwa. Ilibaki huko huko juu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Ramohapi, Nkhono."

"Ramohapi wa mbuzi?"

"Kwani tuna mwingine?"

"Leo?"

"Jana jioni, hospitalini. Shusha hiyo sururu, Nkhono. Ila isifike chini."

Bibi huyo aliishusha taratibu mpaka ikamkalia begani. Pembeni yake, juu ya nyasi zilizokaushwa na barafu ya Julai, palikuwa na gunia lililolowa. Ndani yake mlikuwa na mipichi michanga iliyoletwa na gari la kitalu kutoka bondeni asubuhi ile. Haikuwa na majani wala udongo. Vilikuwa vijiti virefu tu vyenye ndevu za mizizi. Miti ya namna hiyo husafirishwa ikiwa imelala usingizi wa baridi, na hupandwa kabla haijaamka. Lakini mizizi yake ikipigwa na upepo mkavu, hailali tena. Inakufa.

"Shimo hili nilishalianza, Sekhele," alisema.

"Shimo ulilolianza halijaisha, Nkhono. Na lisiishe."

"Mwaka jana aliniulia miti akiwa hai. Mwaka huu ananiulia akiwa maiti!"

Maneno yalipomtoka, Nkhono 'Mathakane alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na sururu ikaanguka ardhini. Wote wawili waliitazama.

"Hiyo sikuiona," alisema Sekhele, akashuka mwambani upesi.

Inafaa mjue kisa cha mwaka jana. Nkhono 'Mathakane alikuwa mjane aliyeishi kwa kuuza maandazi kwenye lango la shule, na maishani alikuwa na tamaa moja tu: kula pichi lililotoka kwenye mti wake mwenyewe. Alipanda miti, akaifunga kwa kamba kwenye vigingi ili upepo usiitikise, akaenda kulala akiwa na furaha. Asubuhi alikuta vigingi vitupu. Mbuzi wa Ramohapi walikuwa wamepita.

Alishtaki. Morena alimsikiliza vizuri sana, kisha akamkumbusha jambo ambalo hata watoto wetu wanalijua: mavuno yakishaondolewa, shamba si la mtu, ni malisho ya mifugo yote. Miti hii hupandwa majira ya baridi, na majira hayo hayo mbuzi wana haki ya kuingia popote. Ramohapi, mzee mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, alisimama barazani akasema, "Mbuzi wangu wanamshukuru Nkhono. Wanauliza mwakani atapika nini." Baraza lote lilicheka. Nkhono alikwenda zake, na hakumsalimia Ramohapi tena.

Safari hii alikuwa amejiandaa. Alikusanya miiba ya kuzungushia kila mti. Alikoroga mavi ya ng'ombe na majivu ndani ya ndoo, uji mzito wa kupaka mashina, maana mbuzi hula karibu kila kitu ila hicho. Alikuwa amejiandaa kwa mbuzi. Kwa msiba hakujiandaa.

Siku zilizofuata alihangaika na gunia lile kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Aliiweka mizizi kwenye beseni la maji. Usiku maji yakaganda, ikabidi aivunje barafu kwa ngumi. Alifikiria samadi ya zizini, lakini samadi ina joto, huichoma mizizi. Alikwenda kijitoni kuchota mchanga akakuta mchanga wenyewe umekuwa jiwe. Bila sururu hupati hata konzi. Mwishowe alitoa blanketi lake la harusi sandukuni, akalilowesha, akaifunga miti humo.

"Unalilowesha blanketi la harusi?" jirani yake Puseletso aliuliza mlangoni, macho yamemtoka.

"Aliyelinunua hayupo kunigombeza."

"Nenda kwa Morena, Nkhono. Mwombe udongo kidogo tu."

"Nimekwenda. Amesema angekuwa na huruma, lakini mvua ya mawe haina."

Upepo ulivuma kutwa, mkavu, wenye vumbi jekundu. Alhamisi Nkhono alikwaruza gome la mti mmoja kwa ukucha. Chini yake palikuwa bado kijani. Akanusa mizizi. Ilianza kunuka kama viazi vilivyosahauliwa kabatini.

Ijumaa jioni wanaume walichimba kaburi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya chuma iliyoruhusiwa. Nkhono alitumwa na wanawake wenzake awapelekee wachimbaji maandazi, naye akasimama pembeni na sinia, akitazama. Juu udongo ulitoka kwa vipande vigumu kama matofali. Lakini walipofika kina cha kiuno ulianza kutoka mweusi, laini, wenye unyevu, ukirundikwa kando ya shimo, lundo kubwa la udongo mtamu kuliko wote aliowahi kuuona.

"Nkhono, mbona unalia?" aliuliza mchimbaji mmoja. "Mlikuwa hata hamsalimiani."

"Kula andazi," alimjibu.

Jua lilipogusa mlima, honi ya gari la maiti ilisikika kule barabarani, na kijiji kizima kikashuka kumpokea Ramohapi kwa nyimbo. Wachimbaji nao waliacha zana zao wakaenda. Nkhono 'Mathakane alipitia nyumbani kwake, kisha akatembea upande mwingine kurudi kaburini, na bunda lake la miti mgongoni kama mtoto.

Hakugusa koleo. Alipiga magoti, akachimba kwenye lundo kwa mikono, akalaza mizizi, akaifunika, akakandamiza. Mti baada ya mti. Alikusudia kurudi alfajiri, kabla ya mtu yeyote, aiondoe. Ulikuwa mpango mzuri sana. Ulikuwa na kasoro moja: wanawake wa Ha Tlhakoli walimpa usimamizi wa sufuria kubwa la nyama ya mkesha, na mwenye sufuria la msiba haondoki, hata kujisaidia huenda akisindikizwa. Jua lilichomoza akiwa na mwiko mkononi, na jeneza lilikuwa limeshatoka mlangoni.

Alikimbia nyuma ya msafara. Alichelewa.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mchungaji alisimama ghafla mpaka wabeba jeneza wakamgonga. Mbele yao, juu ya udongo wa kaburi, vilisimama vijiti vilivyonyooka, safu kwa safu, vyeupe kwa barafu ya asubuhi.

Kwetu mganga hupigilia vijiti vya dawa kwenye pembe za nyumba ili radi isiingie. Vijiti vya namna hiyo kila mtu anavijua. Na vijiti alivyovipigilia mtu mwingine, mahali pasipo pake, kila mtu anavijua pia.

"Wamemroga baba yangu," alisema Mohapi. Alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu, mchimba migodi, aliyefika kutoka Afrika Kusini usiku ule na bado alikuwa amevaa viatu vya safari. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha ikapanda. "Wamemroga hata kabla hajaingia! Nani? Nani amefanya hivi?"

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Watu walirudi nyuma, wakakanyagana. Mtu akasema vichomwe, mwingine akasema vichomwe na aliyevipanda, na mtu fulani, sijui kwa nini mtu huja mazikoni na mafuta ya taa, alikuwa tayari na chupa. Mohapi alitoa kiberiti mfukoni.

Nkhono 'Mathakane angeweza kunyamaza. Miti ingeungua na yeye angerudi nyumbani akiwa bibi wa maandazi kama jana. Wapo watu waliofukuzwa vijijini kwa kidogo kuliko hicho, na nyumba zao hazina paa mpaka leo. Alisimama nyuma ya umati, mwiko mkononi. Puseletso, aliyelitambua tope kwenye sketi yake, alimshika kiwiko na kutikisa kichwa: usiseme.

"Ni yangu," alisema Nkhono.

Umati ulifunguka kama pazia.

"Si dawa. Ni mipichi. Mizizi ilikuwa inakufa na udongo wote umefungwa. Ni mimi niliyeiweka. Jana jioni."

"Mipichi iko wapi?" Mohapi alifoka. "Hivi ni vijiti, Nkhono! Vimekauka!"

Nkhono alipanda kwenye lundo akikwaruza kwa ukucha, mti huu na ule, na kila alipokwaruza palibaki mstari mdogo wa kijani. Hakuna aliyesogea kutazama. Mohapi aliwasha njiti.

"Mohapi. Zima hiyo."

Hapo tulishtuka kuliko tulivyoshtukia vijiti. Aliyesema alikuwa 'Mamohapi, mjane mwenyewe, aliyeketi kwenye godoro la mjane walilomtandikia pembeni, amefunikwa blanketi jeusi mpaka machoni. Mjane hasemi kaburini. Hajawahi kusema. Mchungaji aliangalia kitabu chake kana kwamba jibu lingekuwa humo.

"'Mathakane," ilisema sauti chini ya blanketi, "ndiyo ile miti waliyoila mbuzi wetu?"

"Hapana, dada. Ile waliimaliza. Hii ni mingine."

"Waliimaliza na mizizi?"

"Na mizizi. Na kamba nilizofungia."

Blanketi lilitikisika. Wanawake waliokuwa karibu wakamshika mabega, wakidhani ni kilio. Hakikuwa kilio.

"Kamba!" alisema 'Mamohapi, akivuta pumzi. "Niliziona kamba kwenye mavi ya mbuzi, nikamwuliza, Ntate, hawa mbuzi wako siku hizi wanafuma? Alicheka yule mzee mpaka akakaa chini. Ole wangu, alicheka..."

Na kutoka hapo sauti ikawa kilio kweli, na hakuna aliyeweza kusema imevukia wapi. Mimi, niliyekusudia kusimulia msiba huu kwa heshima zote, nakiri nilikuwa nimeuma kona ya blanketi langu ili nisicheke, na nilipoiachia ilikuwa imelowa machozi.

"Umempandia miti kitandani kwake," alisema mjane alipoweza.

"Sikuwa na udongo mwingine, dada. Nisamehe. Nilimtukana alipokufa, na jana nikampigia magoti."

Morena alikohoa, akamgeukia mjumbe wake. "Tulikataza nini hasa?"

"Chuma, Morena," alisema Sekhele. "Punda ni shahidi."

"Nimetumia mikono," alisema Nkhono, akaionyesha. Kucha mbili hazikuwapo.

Lakini udongo ule ulihitajika, na mazishi hayangojei. Tena upepo ulikuwa umeanza. 'Mamohapi alinyoosha mkono kutoka kwenye blanketi jeusi. "Nipeni mmoja. Na ninyi wengine mnangoja nini? Chukueni, mwingize mizizi ndani ya mablanketi. Isione upepo."

Ndivyo Ntate Ramohapi alivyozikwa. Wanawake wa Ha Tlhakoli walisimama kuzunguka kaburi, kila mmoja na kijiti kikimchungulia kwenye kola, mizizi yenye tope baridi imebanwa tumboni. Mchungaji alihubiri juu ya ufufuo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesinzia. Wanaume waliporudisha udongo kwa makoleo, Nkhono 'Mathakane alitazama kila konzi ya udongo ikienda.

Usiku huo kila mti ulilala nyumba yake. Asubuhi, ardhi ilipofunguliwa, Nkhono alianza kuchimba peke yake, bila kujua kama atarudishiwa hata mmoja. Kisha Puseletso alitokea kwenye njia, ameukumbatia wake. Nyuma yake wengine, polepole, kwa hatua za watu wanaobeba watoto waliolala. Walipaka mashina mavi na majivu, wakiziba pua na kutaniana. Miiba haikutosha miti yote.

Wa mwisho kufika alikuwa Mohapi, na mti aliokuwa ameushika mama yake, ambaye, akiwa mjane, hakuruhusiwa kutoka nje. Alikuwa na viatu vile vile vya safari. "Kesho narudi kazini," alisema, hakumtazama Nkhono usoni. "Mama amesema niushike mpaka usimame."

Alipiga magoti upande mmoja wa shimo, Nkhono upande mwingine. Hapo ndipo walipowaona mbuzi. Zizi la marehemu lilikuwa limefunguliwa na mtu, au limejifungua lenyewe. Walikuwa wanateremka mlimani kwa umoja wao, vichwa chini, kuelekea shambani, bila mchungaji, kama walivyozoea na kama walivyo na haki.

"Waite," alisema Nkhono.

"Siwajui majina."

"Basi wapigie mluzi. Kama baba yako alipokuwa akiwarudisha."

Mohapi alitia vidole mdomoni. Ulitoka upepo mtupu. Alifuta vidole kwenye suruali, akajaribu tena, na safari hii sauti ilitoka: ndefu, ikapanda, ikavunjika mwishoni. Kule mteremkoni mbuzi walisimama wote kwa pamoja. Yule wa mbele alikuwa ameinua mguu mmoja. Aliuacha hewani, masikio yamesimama, akitazama chini shambani, na Nkhono 'Mathakane, udongo umemjaa viganjani, akawa bado hajaumwaga shimoni, akingoja kuona kama watageuka.