Namayiana Anataja Jina

Tangu walipomzika mwanawe wa kwanza, Namayiana hakuwa amelitamka jina lake, na hakuna mtu wa boma lake aliyelitamka. Ndivyo walivyolelewa: aliyekufa haitwi, maana ukimwita utamgeuza njiani. Walisema "yule aliyetutoka," basi. Hata kijana wa boma la jirani aliyekuwa na jina hilohilo alitafutiwa jingine, naye akalizoea. Na Namayiana, ambaye miaka yote watu walimwita Mama Parit, akawa Mama Lomayani, kwa jina la mwanawe aliyebaki.

Aliyepata tabu ni rafiki yake Costancia, mkulima wa mlimani na Mwanglikana asiyekosa ibada. Kwao marehemu hutajwa kanisani, tena kwa sauti. Mara ngapi alianza "Mama Pa..." akajiuma ulimi.

Urafiki wao wenyewe ulikuwa kioja kwa yeyote anayeijua Kilosa. Wakulima na wafugaji wa huku wameuana sana, na sitaki kulipamba jambo hilo. Lakini mwekezaji mmoja alipoizungushia seng'enge njia ya mtoni, chini kidogo ya kijiji cha Ulaya, ng'ombe walikosa maji na bustani zikakosa maji, na watu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kutembeleana. Wakakubaliana waende wakakae mbele ya geti la yule bwana. Wakae tu, mpaka kiongozi yeyote aje awasikilize.

Wakulima walitoa sharti moja: wenzao waache fimbo na sime nyumbani. Mmasai bila fimbo! Vijana walinuna, na Parit alinuna kuliko wote. Namayiana ndiye aliyemnyang'anya ya kwake, asubuhi, wakiwa mlangoni.

"Wakikuona nayo watasema tumekwenda kupigana," alimwambia. "Nenda mikono mitupu."

Akaenda, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.

Zamani wakiuana wao kwa wao, polisi walikuwa wanafika damu imeshakauka. Siku hiyo walikaa pamoja kwa utulivu, akina mama wa mlimani wakiimba nyimbo za kanisani, na gari la polisi likafika hata jua halijawa kali. Hawakuuliza neno. Mabomu ya machozi kwanza, kisha virungu. Costancia alianguka kwenye moshi, Parit akainama kumwinua, na hapo ndipo alipopigwa kichwani. Alikufa hospitalini bila kufumbua macho.

Taarifa ya polisi ikasema kijana huyo alikuwa na fimbo na aliwashambulia askari.

Fimbo ilikuwa nyumbani kwa mama yake. Kila siku Namayiana aliwaza jambo moja hilohilo. Angekuwa nayo kweli, angekinga kichwa. Vijana wenzake walikuwa wakimpiga watatu kwa pamoja katika michezo yao na hawampati. Mama ndiye aliyemwondolea kinga. Kama mahakama ingeandika kwamba mikono yake ilikuwa mitupu, basi walau alimwondolea kwa ajili ya amani. Isipoandika, alimpeleka kufa bure. Hakutaka kingine katika kesi ile, wala fidia, wala kuombwa radhi.

Kesi dhidi ya polisi waliifungua pamoja, wafugaji na wakulima, wakisaidiwa na wakili kijana aitwaye Vitalis. Alikuwa mtu wa haraka na mwenye moyo mzuri. Siku chache kabla ya kusikilizwa alifika bomani, akaamkia, akapewa kigoda.

"Mama, utaulizwa jina la marehemu. Lazima ulitaje."

"Si umeliandika kwenye karatasi zako?"

"Shahidi ni wewe, siyo karatasi. Usipolitaja, wakili wa serikali atasema unamzungumzia kijana mwingine."

Lomayani alikuwa amesimama pembeni ya zizi, anasikia yote. Alisubiri mgeni aondoke.

"Mama, usimwite."

"Wanasema ndugu yako alikuwa mkorofi, Lomayani. Wanasema alikuwa na fimbo."

"Waache waseme, yeye hawasikii. Ila wewe ukimwita, atasikia."

Namayiana aliamini kila neno alilosema mwanawe, na bado alikwenda.

Mahakamani alisimama kizimbani na shanga zake zote, Costancia amekaa benchi la mbele, ameshika leso. Alieleza vizuri mpaka wakili wa serikali aliposimama.

"Huyo marehemu ni nani?"

"Mwanangu wa kwanza."

"Anaitwa nani?"

Kimya.

"Shahidi, hivi kweli unamjua huyo unayemsemea?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Laiti ningemjua mtu huyo.

"Parit," alisema Namayiana.

Jina lilimpasua kifua. Akageuka kuangalia mlango. Aliangalia kwa moyo wote, akimtarajia aingie ameinama, maana milango mingi ilikuwa mifupi kwake. Chumba kizima kikageuka naye, hata jaji. Kisha akarudisha uso, akayasema yote: fimbo, mlango, mikono iliyokuwa ikining'inia. Jaji, mzee mpole, aliandika bila kuinua kichwa. Wakili wa serikali hakuwa na swali jingine.

"Leo wamekuamini, mama," Vitalis alimwambia nje, macho yamemlowa.

Aliporudi bomani alikuta zizi tupu. Lomayani alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda upande wa Mvumi, na mkewe, na vyombo vyao. Hakuacha ujumbe. Angegombana naye ingekuwa nafuu.

Namayiana alijipa moyo: hukumu ikitoka atamfuata huko, amwambie imeandikwa. Akasubiri hukumu. Mvua zikapita, mahindi yakavunwa, na siku moja Vitalis akaja na hakukubali kukaa.

Yule jaji alikuwa amehamishwa. Aliyekuja badala yake ameamuru mashahidi wasikilizwe upya.

"Upya vipi?" aliuliza Costancia, aliyekuwa amemletea rafiki yake ndizi. "Kwani aliyoyasema yameenda wapi? Yamehama na jaji?"

"Yapo, mama. Ila jaji mpya anataka kuwaona na kuwasikia mwenyewe."

"Kila kitu?" aliuliza Namayiana.

"Kila kitu."

Safari hii Vitalis hakutaka kubahatisha. Aliogopa ule ukimya wa mara ya kwanza. Akawa anamwita ofisini kwake na kumfanyisha mazoezi, yeye mwenyewe akijifanya wakili wa serikali. Marehemu ni nani? Parit. Tena mama, kwa sauti. Parit. Usitazame chini. Parit. Kesi ikaahirishwa, wakafanya tena. Ikaahirishwa, wakafanya tena. Simlaumu kijana huyo. Alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya vizuri.

Siku ikafika. Jaji mpya alikuwa mama wa makamo, anasikiliza kwa makini. Wakili wa serikali alikuwa yuleyule.

"Marehemu anaitwa nani?"

"Parit."

Lilitoka jepesi, bila kukwama, kama mtu anayetaja kijiji anachotoka. Namayiana akanyamaza, akisubiri. Kifua kilikuwa kimetulia. Aliuangalia mlango, na ulikuwa mlango tu, umeegeshwa, na askari amesimama kando yake.

"Parit," akasema tena, taratibu, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Wapi. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyegeuka njiani. Alikuwa amemwita mpaka amemmaliza. Lililobaki mdomoni mwake lilikuwa jina la kwenye jalada, ambalo karani yeyote angeweza kulisoma.

Ndipo alipolia. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili akalia kwa sauti, na Costancia kwenye benchi lake akafunika uso kwa leso.

Vitalis alimsogelea na glasi ya maji.

"Vizuri, mama," alimnong'oneza. "Vizuri sana. Jaji anaandika."