Mimi Fundi Rangi Tu

Fundi Chokaa alikuwa na ulimi mwepesi kuliko brashi yake. Ukimsifia shati, atakuambia la kuazima. Ukimjulia hali, hata kama ametoka kula akashiba, atajibu, "Tunasukuma siku." Si kwamba alikuwa mwongo. Aliogopa kijicho tu, kama wengi wetu, na aliamini kwamba mali ikitangazwa haidumu.

Basi siku moja yuko juu ya ngazi anapaka ukuta wa mbele wa nyumba yake mwenyewe, mama mmoja mwenye miwani akasimama getini.

"Hodi, baba. Samahani, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya shemeji yangu, mama," alijibu bila hata kugeuka vizuri. "Mimi fundi rangi tu."

"Na wanaokaa humu?"

"Ndio sisi hao, tumejishikiza."

Mama akashukuru, akaenda zake. Fundi akacheka peke yake na kuchovya brashi.

Kiwanja alikuwa amekinunua kwa huyo shemeji, kaka wa mkewe, wakaandikiana mbele ya mashahidi, naye akajenga. Hati ya mauziano ikalazwa sandukuni chini ya mashuka. Mkewe hakuchoka kumkumbusha: "Baba watoto, ipeleke kwa msajili wa ardhi, jina libadilishwe." Naye akimjibu, "Nimfanyie hivyo kaka yako? Ataona simwamini." Maneno mazuri hayo, ila nusu yake yalikuwa uvivu wa kupanga foleni.

Kwa msajili, basi, jina lililobaki ni la shemeji. Shemeji akauza mara ya pili, kiwanja pamoja na nyumba ya fundi, kisha akazima simu na kutokomea. Aliyeuziwa ni yule mama wa miwani, mwalimu mstaafu, na yeye hakulaza hati sandukuni. Alikwenda kuiandikisha wiki ile ile.

"Sheria haiulizi nani alinunua kwanza," wakili aliwaambia mume na mke, walipomkimbilia na barua ya kutakiwa wahame. "Inauliza nani aliandikisha kwanza."

Mke alishika kichwa.

"Ila halindwi kama alijua kuna mwenzake aliyemtangulia," wakili akaendelea. "Na nyie mnaishi mle. Anayenunua nyumba akikuta ina watu, ni wajibu wake kuuliza wanakaa kwa haki gani. Kama hakuuliza, tumemshinda."

"Hakuuliza!" mke alisema. "Hakuna mtu aliyekuja pale." Fundi naye akatikisa kichwa kuunga mkono. Maskini, alikuwa amesahau kabisa. Jioni ile walirudi nyumbani wakiwa na matumaini, hata wakacheka.

Mbele ya baraza la ardhi, mwalimu aliposimama na kuvua miwani aifute, ndipo fundi alipomkumbuka.

"Nilikwenda mwenyewe kuuliza," mwalimu alisema. "Nikamkuta baba huyu anapaka rangi. Akaniambia nyumba ni ya shemeji yake, wao wamejishikiza. Na muuzaji alishaniambia kuwa mle kamweka shemeji yake. Nikaona maneno yao yanalingana. Ningejua, kiinua mgongo changu ningekipeleka kwingine."

Mwenyekiti akamgeukia fundi. "Ulimwambia hivyo?"

Pale getini walikuwa wawili tu. Neno moja, "hapana," lingetosha, na wakili alikuwa akimkodolea macho aliseme. Lakini mwalimu alimtazama bila hasira, kama anayesubiri mtoto ajibu swali analolijua. Fundi akashindwa kudanganya, safari hii ambayo uongo ungemfaa.

"Nilimwambia, mheshimiwa. Ila ulikuwa mzaha."

"Yeye angejuaje kwamba ni mzaha?"

Fundi akainamisha uso. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Chake kilikuwa salama mabegani; kilichoponzwa ni paa la wanawe. Uamuzi ulisomwa muda mfupi baadaye, na nyumba ikawa ya mwalimu.

Nje, mwalimu aliwafuata. "Kaeni mpaka watoto wafunge shule," alisema kwa upole. Wakamshukuru. Afadhali angewatukana, maana wema ule ulimchoma fundi kuliko hukumu yenyewe.

Mkewe alingoja mpaka mwalimu alipokata kona.

"Ungesema tu ni yetu, baba watoto. Neno moja tu."

"Niliogopa watu watatuonea kijicho."

Mkewe hakufoka. Alijifunga kanga yake vizuri.

"Haya. Sasa watatuonea kwa lipi?"

Kisha akatangulia kwenda kuwaambia watoto.